Peasi za Lushoto na peasi za boksi: hasara iliyonifundisha kuzitofautisha

Tenga la kwanza nililifungua mbele ya wanangu wawili, Jumamosi asubuhi, Januari 2023. Peasi za juu zilikuwa nzuri ajabu, manjano iliyokolea, na harufu yake ilijaa chumba kizima. Nikamkatia mdogo moja. Kisu kiliingia bila shida nikafurahi, lakini nilipoifungua, sehemu yote inayozunguka mbegu ilikuwa ya kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na inanuka pombe. Nikakata ya pili, nikakata ya tatu. Nikawaambia watoto wakacheze nje, nikakaa sakafuni naendelea kukata, hadi nikakubali kwamba ule haukuwa mzigo tena.

Yalikuwa matenga sita. Kila moja nilikuwa nimelilipia shilingi 40,000 kule Lushoto, usafiri 90,000, ushuru na wapakuaji 18,000. Jumla 348,000. Nilichookota kwa kuchambua, kukata vipande vizuri na kuuza kwa bei ya kutupa kilikuwa 131,000. Zaidi ya laki mbili zilikwenda jalalani. Na fedha yenyewe ilikuwa ya mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, marejesho kila Jumatano. Mume wangu nilimficha wiki mbili nzima. Siku niliyomwambia alinyamaza, kisha akasema tutaanza na ada ya shule, mengine yatafuata. Naandika haya kwa ajili ya mwenye genge aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, ana mtaji mdogo na anatamani kuongeza peasi mezani.

Nilikuwa nauza nyanya, vitunguu na karoti soko la Majengo hapa Dodoma tangu 2016. Ni mwaka ule ule serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi, na ndani ya miaka michache wateja wakabadilika. Alikuja mtu anauliza tufaha, anauliza peasi, anauliza zabibu zisizo na mbegu. Zabibu tunazo, ndilo tunda letu, na ubuyu na ukwaju havijawahi kutupiga chenga. Lakini peasi haizai Dodoma. Inatoka milimani, Lushoto hasa, kule Usambara, na inatoka Afrika Kusini ndani ya boksi. Wateja wetu huita ya Lushoto "ya kienyeji" na ile nyingine "ya boksi". Kwa kweli hata ya kienyeji ni mgeni aliyezoea: hakuna peasi ya asili Afrika Mashariki. Wazee wa Lushoto husimulia kwamba miti ya kwanza ililetwa na Wajerumani na wamisionari, enzi mji huo unaitwa Wilhelmstal. Imekaa muda mrefu, imepandikizwa na kupandikizwa tena mashambani, na leo mkulima hana jina lake lingine zaidi ya peasi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja kwenye simu. Nilimwambia dalali, "Nitumie zilizoiva." Akanisikiliza, akanitumia zilizoiva. Simlaumu sana.

Kiswahili chetu kinatenganisha kukomaa na kuiva, na kwenye peasi tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe. Peasi inatakiwa ichumwe ikiwa imekomaa lakini bado ngumu, iivie nje ya mti. Ukiiacha iivie mtini, inaanza kuiva kutokea ndani kuja nje. Siku ngozi inapokuwa manjano na kunukia, kiini kimekwisha kupita wakati wake. Embe na papai ukiviacha viive mtini kwa kawaida bado unakula vizuri, na sisi tuliolelewa na maembe tunaangalia ngozi na kunusa, tunaridhika. Sasa chukua tunda la namna hiyo, lipakie kwenye tenga, lishuke kona za Lushoto hadi Mombo, lipite Segera, Chalinze, Morogoro na Gairo chini ya turubai, litafika Dodoma likiwa limemaliza safari yake yote.

Mwezi wa Mei nikajaribu za boksi. Nilinunua maboksi manne, kila moja 80,000, kwa mwagizaji wa jumla. Boksi lina uzito wa kilo 12.5, na namba iliyopigwa ubavuni, 70 au 80 au 90, ni idadi ya matunda yaliyomo. Mimi nilidhani ni daraja la ubora, nikachukua 90 nikiamini ni bora kuliko 70. Kumbe namba ikipanda tunda linapungua ukubwa. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela, na mwambie akufungulie.

Mawili yalikuwa aina ya Packham's Triumph, kijani, yenye manundu kama uso wa mtu mwenye chunusi zilizopona. Mawili yalikuwa Forelle, ndogo, manjano yenye shavu jekundu na vidoadoa. Zote zilikuwa ngumu kama jiwe na baridi bado imo ndani. Nikafanya ninachokijua: nikazivundika. Nilizipanga kwenye stoo yangu ya bati, nikafunika magunia juu kama ndizi, nikasubiri. Mchana ile stoo inachoma. Hata kufuli likikaa juani hulishiki.

Joto likivuka nyuzi 30 peasi haiivi sawasawa. Ngozi inaweza kugeuka rangi na nyama ikabaki kama mpira, au ikalainika upande mmoja ikaoza upande wa pili. Forelle zangu zilikuwa hivyo. Packham nikazipoteza kwa njia nyingine kabisa: niliondoa magunia nikaziona bado za kijani, nikafunika tena, siku mbili, siku tatu, nikingoja manjano. Packham haigeuki manjano kwa haraka unayoitegemea. Inaweza kuwa tayari kuliwa huku bado ina ukijani. Nilipokuja kubonyeza moja, kidole kiliingia hadi kwenye kucha.

Hapo ndipo nikajifunza kubonyeza shingo. Usibonyeze tumbo la peasi. Shika tunda kiganjani, weka dole gumba karibu na kikonyo, sukuma taratibu. Shingo ikikubali kidogo, tunda liko tayari leo. Tumbo likikubali, umechelewa. Na mteja umkataze kwa upole kuminya kila tunda mezani, kwa sababu alama ya kidole cha asubuhi ni doa jeusi la jioni. Mimi huweka moja ya mfano pembeni na kusema, "Minya hii, dada, hizi nyingine nitakuchagulia mimi."

Kijana mmoja anayetunza stoo ya baridi ya yule mwagizaji alinifafanulia mengine, na namshukuru kwa sababu hakuwa na faida yoyote kuniambia. Peasi hizi huhifadhiwa karibu na nyuzi sifuri kwa wiki nyingi kabla hazijatufikia, na baridi hiyo si ya kuzuia kuoza tu. Aina kama Forelle inahitaji baridi ndipo iweze kuiva vizuri; kule Afrika Kusini kanuni imekuwa kuikalisha wiki 12 kwenye baridi kabla ya kuuzwa, la sivyo inabaki na ukakasi au inakuwa ungaunga. Maana yake ni kwamba peasi ya boksi ikitoka baridini imekwisha kufanya kazi yake yote ya kujiandaa. Kwenye kivuli cha nyuzi 20 hivi, inaiva ndani ya siku tano hadi saba. Usiivundike. Itoe kidogo kidogo.

Lushoto nilikwenda mwenyewe Februari 2024. Nauli iliniuma, lakini nisingekwenda ningekuwa nimeacha biashara. Nilipokelewa na mzee mmoja mwenye miti kama 30 mchanganyiko wa peasi na plamu, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mimi mtu wa tambarare nilikuwa nashikilia majani nisiteleze. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya matenga sita. Akasikitika kweli.

"Mama," akaniambia, "wewe uliomba matunda ya kula shambani."

Akanipeleka kwenye mti. Akashika peasi moja chini yake, akainyanyua polepole mpaka ikalala sambamba na ardhi. Kikonyo kikakatika chenyewe kwenye kifundo, tik. Akashika nyingine ya jirani, akainyanyua vilevile, ikagoma, tawi likaja nayo. "Hii bado," akaiachia. Kisha akaipasua ile ya kwanza kwa kisu chake cha kupogolea: nyama nyeupe hadi kwenye kiini, mbegu za kahawia iliyoiva. Akaichuma kwa nguvu moja ndogo ya mti mwingine, akaipasua pia. Mbegu zilikuwa nyeupe. Peasi ya mbegu nyeupe ikichumwa itasinyaa tu, akasema, haitaiva hata ukiiombea.

Vitu viwili hivyo, kunyanyua na kutazama mbegu, vimeniokolea fedha kuliko ushauri mwingine wowote. Mengine niliyaona kwa macho: wachumaji waliokuwa wanatikisa matawi matunda yaanguke, na matenga yanayoshindiliwa kwa mguu ili kifuniko kifunge. Peasi ngumu inaonekana haisikii kitu, lakini kila jeraha linajitokeza siku ya tatu, mezani kwako. Nilikubaliana na yule mzee nimwongezee shilingi 5,000 kwa kila tenga, yeye achume kwa mkono, aache kikonyo, atandike majani makavu ya mgomba chini na ubavuni, na tenga lisijazwe kupita ukingo. Alikubali papo hapo. Hakuna aliyewahi kumwomba hivyo akiwa na fedha mkononi.

Mzigo ule ulifika mzima. Nikawa sasa, kwa mara ya kwanza, nina peasi za kienyeji nzuri na za boksi nzuri kwa wakati mmoja, na nikataka kujua tofauti yake kwa haki. Maana gengeni ilikuwa wimbo: "Hizi za Lushoto hazina sukari."

Februari na Machi ni mavuno ya zabibu Dodoma. Mpwa wangu hufanya kazi kwenye shamba la mizabibu, na ana kile kipimo cha sukari wanachotumia kuamua siku ya kuvuna: bomba dogo, unadondoshea matone mawili ya maji ya tunda kwenye kioo, unalielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Jumapili alikuja nacho nyumbani. Tulichagua peasi tatu za kila aina, zote shingo zimekubali. Tukakamua, tukapima, tukafuta kioo, tukarudia. Za Lushoto zilisoma asilimia 12 kwa wastani. Packham 13. Forelle 14 na kidogo. Mpwa alinitazama. "Shangazi, tofauti yenyewe ni hii?"

Ndiyo, tofauti yenyewe ilikuwa hiyo. Kwa hiyo nikawaita majirani wanne, nikawafunga macho kwa kanga, nikawalisha vipande. Wote wanne walisema ya boksi ni tamu zaidi, na walivyoeleza ndipo nikaelewa. Mmoja alisema, "Hii ina maji." Mwingine akasema ya Lushoto "ina mchanga." Hawakuwa wanazungumzia sukari. Peasi zote zina vichembe vigumu ndani ya nyama, vilivyoimarishwa na kitu kile kile kinachoupa mti ugumu wake, na kwenye peasi ya Lushoto vichembe hivyo ni vingi, hasa karibu na kiini na chini ya ngozi. Ulimi ukikutana na chenga unasahau utamu. Na ngozi yake nene ina ukakasi. Nikamenya ile ile ya Lushoto, nikakata kiini kwa upana, nikawapa tena. Wawili kati ya wanne waliniuliza kama ni aina mpya.

Ya boksi ina kitu ambacho ya Lushoto haitakipata hata uifanyie nini: ikiiva vizuri inayeyuka mdomoni, maji yanashuka hadi kwenye kiwiko. Hiyo ni kazi ya watu waliochagua mbegu na vikonyo vya kupandikiza kwa vizazi. Packham yenyewe ilipatikana Australia mwaka 1896, mtu akichavusha peasi ya Kiingereza iitwayo Williams na nyingine. Wala sijaribu kumdanganya mteja kwamba ni sawa.

Lakini ya Lushoto ina yake. Ina ugumu na mlio, ukiiuma inalia kama karoti changa, ina uchachu unaoamsha, na hata kabla haijalainika inaliwa. Wajawazito wanaipenda. Watoto wa shule wanaipenda na chumvi na pilipili, kama embe bichi. Na kwenye sufuria inaishinda ya boksi mbali. Menya, kata vipande vinne, toa kiini, tumbukiza kwenye maji yenye ndimu zisibadilike rangi. Chemsha maji, sukari, vijiti viwili vya mdalasini na karafuu tatu, weka peasi, moto mdogo kama dakika 40. Inakuwa ya waridi hafifu, laini, na kipande kinabaki kipande. Packham iliyoiva ukiifanyia hivyo unapata uji. Nimekuwa nikiuza vikopo vya peasi za kuchemsha kwa wafanyakazi wa ofisini kwa 1,500, kikopo kina peasi mbili ambazo mezani ningeziuza 600 zote.

Nilipoacha kuziuza zote kwa sifa moja, malalamiko yakaisha. Anayekwenda kumwona mgonjwa nampa ya boksi. Anayesema ana watoto watano nampa sado ya Lushoto.

Kuhusu kuhifadhi, friji sikuweza kununua. Nilijenga sanduku la matofali: kuta mbili, moja ndani ya nyingine, katikati nafasi ya upana wa kiganja iliyojazwa mchanga, juu kifuniko cha matete na gunia, yote chini ya mwembe wa jirani. Mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, ndoo moja moja. Gharama ilikuwa kama 65,000 kwa sababu mchanga niliokota korongoni. Hewa kavu ya Dodoma inayotupasua midomo ndiyo inayolifanya lifanye kazi: maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Mwezi wa Agosti kipimajoto changu husoma nyuzi kama kumi pungufu ya nje. Januari na Februari, mvua zikiwa zimekolea, tofauti inashuka hadi tano au nne, na huo ndio msimu wa peasi za Lushoto. Basi wakati huo siagizi mzigo wa zaidi ya siku sita. Na ndizi mbivu sizikaribishi kabisa pale, kwa kuwa hutoa hewa ya ethilini inayoharakisha kuiva. Nikiwa na oda ya kesho, hapo ndipo natia peasi kumi kwenye mfuko wa karatasi na ndizi moja mbivu, usiku mmoja au miwili.

Nilipanda pia miche miwili ya peasi nyumbani Nkuhungu, kwa ubishi. Nilinunua kwa 7,000 kila mmoja, nikaimwagilia kwa maji ya dumu mwaka mzima. Mmoja ulikufa kiangazi cha kwanza. Wa pili una majani mazuri na haujatoa ua hata moja. Mpeasi unahitaji majuma ya baridi kali ndipo machipukizi ya maua yaamke, na Dodoma tuna baridi ya Juni na Julai ya kuvaa sweta usiku tu. Kama una eneo la mti wa matunda hapa, panda mwembe, mkomamanga au mzabibu. Huu wangu siukati kwa sababu unanipa kivuli cha kuanikia vyombo.

Aprili 2025 serikali ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini ndani ya siku hizo bei ya boksi ilinipanda mbele ya macho, na nilikuwa na maboksi mawili tu sandukuni. Zilizoniokoa ni za Lushoto, zile za mwisho wa msimu, ambazo miaka miwili nyuma nisingethubutu kuzigusa. Tangu hapo mtaji wangu siuweki wote kwenye aina moja. Mkopo wa VICOBA nilimaliza Novemba 2024, na wa pili nimechukua nusu ya ule wa kwanza.

Msimu huu mzee alinipigia wiki ya tatu ya Januari.

"Mama, ziko tayari."

"Baba shikamoo. Umezinyanyua?"

"Marahaba. Nimezinyanyua, zinakatika. Za upande wa juu bado, nimeziacha."

Matenga manane yalifika Jumanne saa nne asubuhi. Dereva alikuwa na haraka, anataka hela yake aende Singida. Nikamwomba asubiri. Nikachomoa peasi moja kutoka chini kabisa ya tenga la katikati, ngumu, ya kijani, kikonyo chake kipo. Nikaipasua juu ya bodi ya gari. Nyeupe hadi kwenye mbegu, na mbegu kahawia. Nikampa dereva nusu, nikamhesabia fedha yake.